Mama Mkwe Anaandika

…kwa wote, alitaka kubonyeza futa kwa wote, lakini kidole ndani ya glavu kikateleza kikabonyeza futa kwangu, basi ujumbe umefutika kwenye simu yake peke yake na umebaki salama salimini kwenye simu za watu arobaini na mmoja wa ukoo wa mkewe, na yeye, mtu mzima mwenye mvi, shahada mbili na pasipoti iliyojaa mihuri mpaka jalada la nyuma, amesimama katikati ya maabara, mkono wa kushoto sahani ya bakteria, mkono wa kulia simu, chini ya tangazo la SIMU MARUFUKU HUMU alilolitia sahihi mwenyewe, hawezi kuufuta tena, hawezi hata kuusoma, ingawa haja ya kuusoma hana, anaukumbuka wote, Namba kumi na saba, milimita kumi na tisa, ni lile jani la mama mkwe, linaua kweli kweli, tunyamaze kwanza, wakijua kule nyumbani nimekwisha… nimekwisha, kaandika mwenyewe, na picha juu yake, picha nzuri, mwanga mzuri, jeli ya manjano iliyotandwa na bakteria wa vidonda kama ukungu kwenye kioo cha bafuni, na katikati ya ukungu kiduara cha karatasi, kidogo kama kifungo cha shati, kimezungukwa na duara safi, wazi kabisa, hakuna kilichothubutu kuota hapo, na rula pembeni kwa ajili ya ushahidi, maana yeye ni mtu wa ushahidi, au ndivyo alivyokuwa akiwaambia watu… ujumbe ulikuwa wa kumtumia Bi Darubini, mwenzake wa maabara, aliyepewa jina hilo kwa sababu haamini kitu mpaka akisogelee, ambaye leo yuko kwenye kikao cha wazazi shuleni kwa mwanawe na jana jioni alimwachia maagizo kama anayemwachia mtoto funguo za nyumba, Asubuhi nisomee sahani zangu, pima, piga picha, nitumie, halafu usiguse kitu kingine, na ndani ya simu Bi Darubini na kundi la Familia Moja wamepakana, mmoja juu mwingine chini, kidole kinene, glavu, furaha, basi… furaha, ndiyo, hilo ndilo la ajabu, sekunde tatu za kwanza alifurahi, alisema kwa sauti, peke yake, Lo, mama! na hapo ndipo akaliona jina la kundi… Mzee, mguu, anasema mama wa usafi, na tambara la kudekia limeshamgonga kiatu, naye anainua mguu kama korongo, sahani juu, simu juu, Leo umepigwa na umeme? anauliza mama wa usafi, Hapana mama, nipo tu, Haya, na wa pili, na anataka kuuinua wa pili kabla hajautua wa kwanza, nusura aanguke na bakteria wake, kwa sababu macho hayako sakafuni, macho yako pale juu, chini ya jina la kundi, ambapo yametokea maandishi madogo ya kijani, Mama Mkwe anaandika… yakapotea… yakarudi, Mama Mkwe anaandika…

na mama mkwe haandiki haraka, anaandika kwa kidole kimoja, miwani imeshuka mpaka ncha ya pua, kila herufi anaitafuta kama anayetoa mawe kwenye mchele, akiipata anaitazama kwanza, ndipo anaibonyeza, kisha anainua macho kuona kama imefika, Habari za asubuhi wanangu peke yake humchukua chai nzima na kipande cha mkate, kwa hiyo muda upo, dakika tatu, nne, pengine tano… muda wa nini lakini, wa kukimbia? akimbilie wapi, aibu anayo mkononi na imejaa chaji… shemeji yake, yule mwalimu aliyelianzisha kundi, ameshatia nyuso sita za kucheka mpaka machozi, Bwana Safari leo umejichongea! maana ukweni ndilo jina lake, Bwana Safari, kwa kuwa kila wanapomwona ama anatoka ama anaenda, na shangazi wa mkewe, anayesoma kila kitu kama tangazo la msiba, ameuliza, Linaua nani? Nani amekufa jamani mbona hamsemi? na mwingine amemjibu, Hajafa mtu shangazi, ni bakteria, na shangazi, Bakteria wa nani? na sasa mkewe anapiga, simu inatetemeka ndani ya glavu kama panya aliyeshikwa, hapokei, atamwambia nini, mkewe amekata na kumwandikia pembeni, Umefanya nini, bila hata alama ya kuuliza, kwa sababu miaka ishirini na miwili imemfundisha kwamba kwa mume huyu hilo si swali… Mama Mkwe anaandika… unajua kabisa umefanya nini, anajiambia, usijifanye hujui… ilikuwa Jumamosi mchana, ukweni, miaka miwili iliyopita, meza ndefu iliyoungwa kwa meza mbili zisizolingana, yeye amekaa pale kwenye kiungo ambapo sahani hutaka kuteleza, ametua jana yake kutoka kwenye kongamano, mfuko umejaa kalamu za bure za hoteli na mdomo umejaa hadithi, na mama mkwe ng'ambo ya meza, mikono ameikunja, anangoja, mama yule haulizi mara mbili, aliuliza mara moja tu wakati wa kunawa, Mwanangu, na lile jani langu? na mtu mwenye akili angesema, Mama tutaongea baadaye, au, Mama sijamaliza, au angesema kweli, lakini yeye aliona meza nzima imenyamaza inamtazama, na meza ikinyamaza ikamtazama yeye huwa kama redio iliyotiwa betri mpya, akaweka kijiko chini, akasafisha koo, akasema, Mama, nimewawekea bakteria dawa yako, nikawafungia, kesho yake nafungua nakuta wamenenepa, wamezaana, mmoja ameniuliza kama kuna sukari… na meza ikavunjika mbavu, shemeji alitoa soda puani, shangazi ambaye hakuelewa kitu alicheka kuwashinda wote, mkewe alicheka halafu akaacha ghafla, aliliona hilo, aliliona na akaendelea, kwa sababu kicheko cha watu kina utamu wake, ukishaonja unataka kijiko cha pili, akaongeza, Hiyo si dawa mama, hiyo ni chai ya bakteria, na jina likaganda, mpaka leo watoto wa ukoo ule wakiona kitu chochote cha kijani ndani ya kikombe wanasema chai ya bakteria… na mama alicheka pia, alicheka, alifunika mdomo kwa upindo wa mtandio akacheka, miaka miwili yeye amejitetea kwa kicheko hicho, kila mkewe anapoligusa jambo, Si alicheka mwenyewe? wewe hukumwona? alicheka! na sasa hapa, kiatu kimoja kikavu na kimoja kimelowa, anakumbuka kwamba upindo ule ulikaa mdomoni muda mrefu kuliko kicheko.

Kumi na tisa… huenda Bi Darubini kakosea… Bi Darubini hakosei, kaweka viduara vitatu kwenye kila sahani, kimoja cha jani, kimoja cha dawa ya hospitali ya kulinganishia, ambacho duara lake ni ishirini na nne, na kimoja cha spiriti tupu iliyoachwa ikauke, na hicho cha spiriti bakteria wamekizingira mpaka ukingoni bila wasiwasi, maana yake si spiriti, ni jani, na sahani ziko tatu, kumi na tisa, kumi na nane, kumi na tisa, amezipima mara mbili, mara ya pili akiomba rula iwe na hitilafu, na ni kweli hilo halina maana kwamba jani linaponya mtu, Bi Darubini angekuwa hapa angesema kwa sauti yake ya kukata bati, Sahani si mguu wa mtu, usinianzie, sawa, sahani si mguu wa mtu, kuna kazi ya miaka kati ya hapa na mguu wa mtu, lakini mbona yeye alipopata sifuri hakuikumbuka busara hiyo? alipopata sifuri alikimbia nayo mezani… na sifuri ile hakuipata, aliipika, aliipika hasa, kwa moto… kivulini, mama, si ndivyo alivyomwambia? amesimama kizingitini kwa mama mkwe, kidole juu, mtaalamu, Uyaanike kivulini mama, jua lisiyaguse, joto linaua dawa, na mama akayaanika kivulini, kwenye shuka jeupe juu ya kitanda cha mgeni, wiki mbili, akiyageuza asubuhi na jioni, akimpigia simu kazini, Mwanangu samahani nakusumbua, mvua inataka kunyesha, nifunge dirisha au unyevu utayaharibu? na yeye akiziba simu kwa kiganja na kuwakonyeza wenzake, Mgonjwa wangu huyo, na hatimaye mfuko wa karatasi ukaja, umefungwa kwa uzi wa kushonea, jani moja moja limechaguliwa, hakuna kijiti, hakuna buu, katika miaka yake yote ya kusaga majani ya watu hajawahi kuletewa mzigo msafi vile, akasema, Mama umewashinda wanafunzi wangu, naye akainamisha kichwa kwa furaha, akasema, Ukipata nafasi njoo uuone na mti wenyewe, uko uani, na yeye akatazama viatu vyake vya safari, akasema, Siku nyingine mama, leo kuna tope… siku nyingine, siku nyingine, miaka miwili ya siku nyingine, hajawahi kuuona mti wenyewe, jani lile analijua likiwa unga, analijua likiwa namba, wangemletea tawi bichi leo angeuliza ni mboga gani… Mama Mkwe anaandika…

mbona anaandika sana… kumi na sita zilikuwa tayari, sampuli kumi na sita za watu wengine, zina picha, zina majedwali, ya kumi na saba ilikuwa bado maji kwenye bilauri ya kioo, imeloweka siku tatu kwenye spiriti, imechujwa, imebaki kukaushwa polepole ndani ya tanuri, digrii arobaini, siku mbili, na ilikuwa Jumatano mchana na ndege ilikuwa Ijumaa, hesabu ilikataa, na alitaka hiyo ya kumi na saba iwemo, si kwa ajili ya mama, aseme kweli walau kichwani mwake ambamo hakuna mtu, aliitaka kwa sababu alikuwa na kichekesho tayari cha kufungulia hotuba, Mabibi na mabwana, sampuli ya mwisho imetoka mahali panapoogopwa zaidi duniani, kwa mama mkwe wangu… kwa ajili ya kichekesho! akatazama kitasa cha tanuri, akatazama mlango, akakigeuza mpaka mia na kumi, akaenda kunywa chai, mtu huyu huyu wa kivulini mama, joto linaua dawa, saa mbili baadaye alitoa kitu cheusi kimegandamana kama masizi chini ya sufuria, kinanuka sukari iliyoungua, akakikwangua kwa wembe, akakiyeyusha, akachovya viduara, asubuhi yake sifuri, bila shaka sifuri, ungeweza kuwapaka bakteria mkaa ukapata sifuri ile ile, na hapo bado palikuwa na njia, angeandika mia na kumi, imeungua, irudiwe, maneno matatu, lakini kwenye daftari la kazi pameandikwa Joto na pameachwa nafasi, na mkono wake, mkono huu huu ulioshika sahani, uliandika arobaini, tena kwa mwandiko mzuri… na kwenye kongamano ukumbi ulicheka, ndiyo, walicheka, mzee mmoja wa safu ya mbele alipiga meza, na yeye akarudi na kicheko hicho kwenye ndege kama zawadi, na Jumamosi akakifungua mezani kwa mwenye jani… Mzee kaa chini basi, anasema mama wa usafi, unanichafulia pale pale ninapofuta, na yeye anasema, Ndiyo mama, na hasogei.

Bi Darubini alijua, sasa anaona, alijua tangu wiki ile waliyosafisha makabati ya stoo, akatoka na mfuko wa karatasi uliofungwa kwa uzi, bado umejaa nusu, akausoma mwandiko, akauliza, Hili lilikuwaje? yeye akajibu, Halikuwa na kitu hilo, Kabisa? Kabisa, sifuri, tuliliaga kwa heshima, na Bi Darubini hakucheka, akalichukua daftari la zamani, akalisogeza karibu na miwani, Lilianza kukaushwa Jumatano mchana, likapakwa Jumatano jioni, digrii arobaini, mimi kwa digrii arobaini hunichukua siku mbili, siku nyingine tatu, tanuri lako lina jini? na yeye akasema, Ni mkono mwepesi Bi Darubini, wengine tumejaliwa, na Bi Darubini akamtazama kama anavyotazama kitu kilichoota mahali kisipotakiwa, akafungua mfuko, na harufu ikatoka, kali, ya kijani, kama pilipili manga ndani ya sabuni ya kufulia, na yeye akajisemea moyoni, harufu hii nimeinusa juzi juzi, wapi… kwenye gari? akaacha, na Bi Darubini akafunga mfuko akaondoka nao, na akairudia kazi kimya kimya, kivulini, arobaini, siku mbili na nusu, kisha akaipa namba ile ile, kumi na saba, na akamwachia yeye asome, yeye, wakati Bi Darubini angeweza kusoma mwenyewe mchana akitoka shuleni, sahani hazikimbii, alimwachia makusudi, Asubuhi nisomee sahani zangu… nisomee… Mama Mkwe anaandika… yamepotea… yamerudi.

Na fundi viatu, usimsahau fundi viatu, ndiye umemruka kila mara unapojipa sababu… fundi viatu wa pale mtaani ukweni, mwenye kidonda cha miaka kwenye muundi, kila asubuhi alikuwa akija uani na kigoda chake, mama anamwosha mguu kwa maji ya jani lile, yaliyopoa, anamfunga kitambaa safi, wanaongea, wanawasema watu, wanacheka, wote wawili wajane, nusu saa, kisha anakwenda kazini kwake, na Jumatatu baada ya mchana ule alikuja kama kawaida akakuta mlango wa uani umefungwa kwa ndani, mama akamwambia kupitia tundu la dirisha, mkewe ndiye aliyesimuliwa na jirani na akaja kuyamwaga kitandani na mgongo ameugeuza, kwamba mama alimwambia, Nenda hospitali fundi, mimi nilikuwa nakuosha na chai… na fundi alikwenda, na hospitali wakafanya kazi yao vizuri, kidonda kilifunga, kwa hiyo hakuna aliyeumia, si ndivyo alivyojibu usiku ule, Kwani nani ameumia? mguu umepona! na ilikuwa kweli, mguu ulipona, na ndiyo maana miaka miwili amelala vizuri, akiamini kwamba kitu pekee kinachoweza kuumia kwenye hadithi ile ni mguu… asubuhi za mama je? mtu aliyekuwa na sababu ya kuchemsha maji mapema, kutoa kigoda, kukunja vitambaa, sasa anaamka afanye nini? hakuna rula ya kupima hilo, angekuwa nayo angeuficha usomaji wake pia… na tangu hapo mama hamwiti mwanangu, anamwita Daktari, Karibu Daktari, Daktari ameshiba? Daktari aongezwe? na yeye si daktari wa kitu chochote, lakini mjinga alifurahi, alimwambia mkewe kwenye gari, Umesikia mama siku hizi ananiheshimu, na mkewe akatazama nje ya dirisha njia nzima… ananiheshimu, ee Mungu wangu… hata kuegesha gari ametafutiwa mahali, zamani aliliacha barabarani, linapigwa mipira na watoto, na wiki chache baada ya mchana ule mama akamfungulia geti la uani kwa mkono wake, Daktari ingia nalo, pako wazi siku hizi, na tangu hapo kila Jumamosi anaingia nalo mpaka ndani, tumbo la gari linakwaruzwa kidogo na kitu hapo chini, anasema, Mama uani kwako kuna jino, na mama anatabasamu, anasema, Egesha tu Daktari, egesha tu, na mwosha magari Jumatatu anachutama, anachungulia, anasema, Mzee huku chini umefuga bustani, nikung'olee au unasubiri mavuno? na anamtolea majani mawili matatu yaliyonasa, yamepondeka, na wote wawili wanacheka, anacheka na kila mtu, huyo ndiye yeye, hakuna mahali hajacheka.

Kundi limewaka, shemeji ameandika, Kwa hiyo ile chai ilikuwa dawa? na mtoto wa mtu ameandika, Bibi anashinda moja bila, na shangazi, Nimeelewa sasa, ni bakteria wa mama mkwe, na kila baada ya ujumbe yale maandishi madogo yanarudi, Mama Mkwe anaandika… na yeye anajua cha kufanya, anakijua vizuri, ndicho kilichomlisha maisha yote, atatupia utani mmoja kabla ujumbe wa mama haujafika, utani mzuri, wa kujidharau mwenyewe, Jamani nimejisalimisha, bakteria wamenituma niombe radhi kwa niaba yao, watacheka, shemeji atatia nyuso kumi, mama atacheka, atalazimika kucheka, watu arobaini na mmoja wakicheka nani anabaki peke yake na hasira, na jambo litaisha, litaisha kama lile la kwanza lilivyoisha… anaweka sahani mezani, taratibu, anavua glavu ya kulia kwa meno, jambo ambalo angemfukuza kazi mtu mwingine, anaandika, Jamani nimejisalimisha… anaona upindo wa mtandio… anafuta… anaandika, Mama, sayansi nayo hubadilika… sayansi! sayansi imekukosea nini, ilikuwa imekaa kimya kwenye arobaini yake… anafuta… na kuna njia nyingine, anaiona, ni pana na haina tope, aseme zamani mitambo ilikuwa mibovu, nani atamwuliza, Bi Darubini peke yake, na Bi Darubini hasemi, humwachia mtu sahani asome mwenyewe… kidole kitupu kinatokwa jasho… mama anaandika kule, herufi moja moja, na yeye huku, na kwa mara ya kwanza anaandika kama yeye, anaitafuta herufi, anaitazama, anaibonyeza, Mama. Jani lako halikuwa na kosa. Nililikausha kwa joto la mia na kumi kwa sababu nilikuwa na haraka ya safari, likaungua. Kwenye daftari nikaandika arobaini. Kisha nikaja kukucheka mbele ya watu. Nilijua siku ile ile… anasimama kwenye nilijua siku ile ile, anaweza kuitoa, bila hiyo yote mengine ni ajali, ni haraka, ni binadamu, na hiyo ndiyo yenyewe, anaiacha, kidole kinakwenda mwishoni kutafuta kichekesho kidogo cha kufungia, kimezoea, kama mtu anayepapasa swichi kwenye chumba cha zamani, Hata bakteria… anafuta bakteria… anatuma, kwenye Familia Moja, safari hii anaangalia jina mara mbili, ndipo anapobonyeza.

Kimya… tiki moja, mbili, zimekuwa za bluu, nyuso za kucheka hakuna, shemeji aliyekuwa anaandika ameacha, shangazi ameacha, hata yale maandishi ya kijani yamezimika, mama naye ameacha, anasoma, na mama husoma kama anavyoandika, neno moja moja, midomo ikicheza, sasa yuko kwenye likaungua, sasa yuko kwenye arobaini, sasa… Mzee pamekauka, anasema mama wa usafi kutoka mlangoni, ndoo mkononi, sasa unaweza kutembea, na yeye anasema, Ahsante mama, na bado amesimama pale pale, glavu moja mkononi, nyingine inaning'inia kwenye meno, sahani mezani na duara lake wazi, milimita kumi na tisa, hazijaongezeka wala kupungua, na kifuani hakuna kichekesho hata kimoja, amepapasa kila mfuko, hakuna, ni utupu mgeni, unauma, lakini ni msafi, na anafikiri, Jumamosi nitafika mapema, nitamwomba anionyeshe mti, kuwe na tope kusiwe na tope, nitauona… Mama Mkwe anaandika… na safari hii si muda mrefu, simu inatetemeka mara moja.

Mti niliukata wiki ile ile. Hapo ndipo unapoegesha gari. Kisiki kinachipua. Jumamosi njoo kwa miguu.